Mlango wa Mama Odette

Lubumbashi, Jumapili ya Novemba. Mvua ilianza kabla ya misa na hata sasa haijaacha. Viatu vyangu viko kizingitini, vimelowa udongo mwekundu wa Ruashi, na mimi nimekaa hapa na hasira ambayo safari hii siwezi kumtupia mtu wa nje.

Mnaosoma ukurasa huu tangu zamani mnanijua. Nimewachapa wenye nyumba wa mji huu bila huruma: anayemkatia mpangaji umeme, anayemtolea sufuria uani, anayeng'oa mlango ili mvua na wezi wamalizie kazi. Niliwaita wahuni wenye funguo. Nikarudia mpaka mkachoka kwamba sheria yetu haijifichi. Mwenye nyumba anayetaka nyumba yake atoe préavis, yaani amwarifu mpangaji mapema, kwa maandishi, na ampe miezi mitatu ya kutafuta kwingine. Wasipoelewana, waende kwanza komini, kwenye ofisi ya habitat inayoshughulikia mambo ya nyumba, wapatanishwe. Wakishindwana hapo, kuna tribunal de paix, yaani mahakama. Hakimu ndiye anayeamua mtu atoke, na huissier, mtumishi wa mahakama, ndiye anayekuja kumtoa, hukumu ikiwa mkononi.

Hakuna mahali sheria inapomtaja mdogo wa mtu mwenye nyundo.

Marehemu baba alituachia nyumba moja Ruashi. Kwenye ukuta wa mbele aliandika kwa rangi nyeusi, kama wengi hapa kwetu, kwamba parcelle hii, yaani kiwanja na nyumba, haiuzwi. Alitujua watoto wake. Mimi ni mkubwa, kwa hiyo ndimi liquidateur, msimamizi wa urithi, na sahihi yangu ndiyo inayohesabika. Mpangaji wetu ni Mama Odette, mshonaji wa nguo za shule. Mume wake anaendesha lori njia ya Kasumbalesa, mpakani, na nyumbani anaonekana kama mgeni.

Mwishoni mwa Septemba tulifanya kikao cha ukoo. Mdogo wangu Dieudonné alisema mama amechoka kukaa peke yake kule Annexe, pembezoni mwa mji, magoti yanamuuma, anataka kurudi Ruashi karibu na parokia yake ya zamani. Alisema kwa sauti ya chini, mpaka nikaona haya kwamba si mimi niliyefikiria jambo hilo kwanza. Dada yetu Georgette alitikisa kichwa kukubali. Mama mwenyewe hakuwepo. Tuliambiwa ana homa.

Nikaandika préavis. Niliandika vizuri, nakiri nilijisikia fahari. Niliweka sababu: mama yetu anarudi kukaa nyumbani kwake. Niliipeleka mwenyewe, Mama Odette akatia sahihi kwamba ameipokea, nikaacha nakala komini. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Papa, ile miezi tatu ni ya kweli? Juu benye nyumba banasemaka tatu, kisha unaona camion ya kubeba vitu yako ku mulango."

Nikamwambia ni ya kweli, kwa sababu ni mimi nimesema.

Juzi Ijumaa alienda sokoni kununua uzi. Aliporudi alikuta pengo. Watu wawili walikuwa wamekuja na nyundo na patasi, wakang'oa mlango pamoja na fremu yake, wakaupakia kwenye mkokoteni. Majirani walipouliza, walijibiwa kwamba wametumwa na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni mimi.

Alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imetulia, na hilo lilinichoma zaidi. "Papa, uko nafukuza nani sasa? Ungenifukuza na kinywa yako tu, ningesikia." Niliapa kwamba sijui lolote. Akaniambia mvua inaingia kwenye cherehani, lazima aende akaifunike. Akakata simu.

Jana nilizunguka kumtafuta Dieudonné. Hakupatikana. Leo baada ya misa nikaamua kwenda kwa mama, nikidhani labda yeye ndiye aliyemharakisha, maana wazee wakitaka kuhama hawana subira. Nilimkuta kibarazani, miguu imejaa udongo, jembe limeegemea ukuta. Shamba lote la nyuma ya nyumba lilikuwa limelimwa upya. Alikuwa amepanda mahindi na mvua hizi za kwanza, na pembeni matuta ya viazi vitamu.

Nilisimama nikitazama ile mistari. Mtu anayehama kabla ya Januari hapandi mahindi Novemba.

"Mama, nani atavuna haya, nawe utakuwa Ruashi?"

Alinitazama kama anayetafuta harufu ya pombe kinywani mwangu.

"Ruashi kufanya nini? Niache shamba yangu, nikakae mu makelele ya macamion ya migodi? Nani alikudanganya, mutoto yangu?"

Hakuwa na homa ile siku ya kikao. Hakujua hata kwamba kulikuwa na kikao.

Nikampigia Georgette. Alilia kabla sijamaliza swali, kisha akasema yote. Kuna mkubwa mmoja anayefanya kazi ya mgodi upande wa Kinsevere. Anataka nyumba yetu, anataka kuingia mapema, na Dieudonné ameshapokea pesa yake. Mama alikuwa sababu tu ya kunifanya niandike.

Dieudonné nilimkuta kwake, anakula. Mlango wa Mama Odette umeegemezwa kwenye banda lake la kuku, kitasa kikiwa bado na kile kipande cha kitambaa cha bluu alichofunga yeye ili kisipige kelele. Mdogo wangu hakukana. Alinawa mikono.

"Yaya, weye mukubwa yetu, tungekuambia, ungekataa. Na bila jina yako, ule mama mupangaji hangetia signature. Bantu bote banajua weye haudanganyake."

Aliniambia hivyo kama sifa.

Nimesoma vitabu vingi juu ya watu waliouzwa na ndugu zao. Nilidhani nimejiandaa. Hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba anayekuuza hatafuti udhaifu wako, anatafuta kile ambacho watu wanakuamini kwacho, anakitia bei. Miaka yote nimelinda jina langu lisichafuke. Kumbe nilikuwa namfugia mdogo wangu ng'ombe wa kuuza.

Sikumpiga. Nilitaka. Nilimwambia kesho nitamshitaki ofisi ya habitat, nikabeba ule mlango na fremu yake kichwani hadi barabarani, nikatafuta mkokoteni. Mvua ilitupiga njia nzima.

Mama Odette alikuwa amefunga kitenge pale penye pengo. Nguo za shule za watoto wa watu zilikuwa zimerundikwa juu ya kitanda, mbali na maji. Alinitazama, akautazama mlango.

"Na karatasi ingine iko wapi, Papa?"

Nilimpa. Nilikuwa nimeiandika kwa mama, juu ya meza iliyojaa punje za mbegu: préavis imefutwa, sababu iliyotajwa haikuwa ya kweli, mpangaji anabaki. Kweli ningeweza kuandika tu kwamba nimebadili nia. Nilitaka ule uongo ubaki na jina langu chini yake. Aliisoma mara mbili, akaikunja, hakusema asante. Sikuwa na haki ya kungojea asante.

Fundi wa jirani alitusaidia kuirudisha fremu. Ilipokaa, Mama Odette aliusukuma mlango kuujaribu, akaingia, akaufunga. Nikasikia komeo likipita ndani. Nilibaki uani kwa baba yangu, chini ya mvua, nikisoma maandishi yake ukutani.

Asubuhi nitaenda komini. Dieudonné atakaa upande wa wenye nyumba. Mimi nataka kukaa upande wa pili, pamoja na Mama Odette.

Je, atanisogezea nafasi kwenye benchi?