Jina la Mama Kanisani

Kasongo, tarehe 9 mwezi wa tatu

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Mathilde,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Michel na watoto wote huko Kabambare. Natumaini barua hii itawakuta wazima, kama mwenye pikipiki hataiangusha mtoni. Sisi huku tunapumua, na nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nadanganya.

Uliuliza habari za mama. Ule uvimbe wa tumbo umekua, hawezi tena kuinama shambani. Muuguzi wa kituo chetu, Mama Benita, anasema lazima apasuliwe kabla mvua hazijaisha. Uliuliza pia kwa nini hasa hakupata ile kadi ya serikali ya kutibiwa bure.

Yaya, masharti ya kadi ile yamenichosha. Nyumba iwe ya majani, usiwe na baiskeli, usiwe na mtoto wa kukutunza. Marcelline jirani yetu alifutwa kwa sababu ya mabati matatu ya jikoni, nayo yametoboka kama chujio. Halmashauri ya kuchagua masikini ilipita nyumba kwa nyumba, kisha majina yakasomwa kanisani baada ya misa, ili mwenye neno aseme. Nilikuandikia kwamba mama alifutwa kwa sharti la mtoto. Ni kweli, ila habari yenyewe sikuimaliza.

Halmashauri ilikuwa imemkubali. Walijua huu ni mwaka wa nne nafundisha bila mshahara. Lakini jina la mama liliposomwa kati ya masikini, watu waligeuka kunitazama, na wazazi wa wanafunzi wangu walikuwemo. Masikio yalinichoma. Nikasimama, nikasema huyu ana mtoto, ndiye mimi, nafasi yake apewe mjane Apolline. Wakanipigia makofi. Apolline anastahili, Mungu ambariki, lakini si yeye niliyemfikiria. Niliona haya, yaya, basi.

Juzi nilikwenda kuomba wamrudishe. Wakaniambia orodha imekwisha kupelekwa, nyingine ni mwaka ujao.

Jana nilimpeleka mama kituoni. Mama Benita alimhurumia, akasema ataandika barua kwa daktari amwombee nafasi ya wasiojiweza. Mama alikataa kabisa. Kumbe tangu siku ile anapita sokoni akimwambia kila mtu kwamba mutoto wake alisimama mbele ya kanisa zima kusema mama huyu iko wake. Alinishika mkono mbele ya wagonjwa wote, akamwambia Mama Benita: “Mimi si masikini, mama. Niko na mutoto.”

Nimeshindwa kumwambia ukweli, na siku zinakwenda. Njoo wewe, yaya, hata kwa miguu, umwambie akubali ile barua. Wewe huwa anakusikiliza.

Wasalimie wote. Mama naye anakusalimu sana. Anasema usijisumbue na safari, kwa kuwa mimi nipo.

Mdogo wako,
Antoine