Ufa Chini ya Utepe

Jumanne, 16 Septemba
Mazoezi ya mpira wa magongo, kisha duka letu, kisha sakafuni na gongo. Mkanda wa mshikio umelegea tena. Kuufunga ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika gongo na kulizungusha polepole, mwingine anavuta mkanda. Kwenye timu yetu kila mtu ana mwenzake. Wangu alikuwa dada yangu Zuhura, na ndoa imempeleka Maskati. Sasa nalibana kwa magoti na kuhangaika peke yangu. Leo umetoka vibaya, una matuta.

Gongo lenyewe lilikuwa lake. Aliniachia alipoondoka.

Alhamisi, 18 Septemba
Vikinga ugoko vimechanika, nimevitupa. Viatu vimeisha meno, nimenunua vingine. Sina ubahili wala sina mapenzi na vitu chakavu.

Kocha kapitisha kidole gumba kwenye gongo langu, juu kidogo ya pale linapopinda. Akakuta ufa.

"Ukiubonyeza ufa ukacheza, hilo limekufa, sista. Tafuta jingine."

Nimesema sawa, Kocha. Nyumbani nimebonyeza. Unacheza. Nimelipaka mafuta ya nazi, kama Zuhura alivyokuwa akipaka magongo ya mbao ya zamani. Hili si la mbao, halinywi mafuta. Nimelipaka tu.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimezungushia utepe mweusi juu ya ufa. Mama kapita, kaniangalia, kaenda zake jikoni. Hapendi magongo. Anasema umri wangu ni wa kulea, si wa kukimbizana. Nyumba imekuwa kimya mno tangu tubaki wawili.

Jumamosi, 20 Septemba
Kabla ya mechi mwamuzi hupapasa magongo yote. Langu kalipapasa, utepe laini, akanirudishia. Nilifurahi. Najichukia kwa furaha ile.

Kipindi cha pili nikapiga mpira kwa nguvu. Gongo likakatika. Kipande kikaruka, kikampata Neema, beki mwenzangu, chini ya jicho. Damu. Amepelekwa hospitali, kashonwa. Daktari kasema kingepanda kidogo tu, jicho lingekwenda.

Na mimi, Mungu anisamehe, kabla ya kumkimbilia Neema niliinama kuokota vipande.

Jumapili, 21 Septemba
Nimekwenda kwao Neema, Buguruni. Uso umevimba. Nimemwambia nilijua kuwa lina ufa.

"Tulijua wote, sista," kasema. "Tulikuwa tunakuonea huruma."

Mama yake kaniletea chai. Nimeinywa yote kwa aibu.

Jioni nimempigia Zuhura. Nilitaka nimlilie. Nimemweleza gongo limekatika, limemuumiza mtu.

"Gongo gani? Lile la bluu? Mie nilijua ulishalitupa zamani."

Nyuma yake watoto wa wifi yake wanapiga kelele, akaniaga. Nimekaa na simu mkononi. Sikumkasirikia. Afadhali ningemkasirikia.

Jumanne, 23 Septemba
Sikwenda mazoezini. Dukani nimekosea kurudisha chenji kwa wateja, Mama kaniondoa kwenye kaunta bila kugomba. Nikajua hali yangu inaonekana.

Jumatano, 24 Septemba
Nimenunua gongo. Jeusi, jepesi, halina historia na mtu yeyote. Neema kaniandikia kwamba akitolewa nyuzi anarudi uwanjani, nami nisijifiche.

Vipande vya lile la zamani nimevitia kwenye pipa la taka mwenyewe. Nimerudi mara moja kuvitazama. Kisha gari la taka likapita.

Baada ya Alasiri nimekaa sakafuni, gongo jipya kati ya magoti, mkanda unateleza. Mama katoka kuswali na kanga yake ya kusalia bado kichwani. Kavuta kigoda, kakaa mbele yangu, kalishika gongo kwa mikono miwili. Kaanza kulizungusha. Kalizungusha kinyume.

Sikumsahihisha. Nikahamisha mkono, nikafuata upande wake.