Babu Hataki Kubadilisha Oili ya Jenereta

Mpendwa Bi. Lempi, naomba unisaidie kwenye ukurasa wako wa ushauri kabla baridi kali haijaingia, kwa sababu nimeshindwa kuelewana na babu yangu, na sina wa kumuuliza ambaye hayuko upande wake wala upande wa mama.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tisa. Tunaishi Kainuu, huku kaskazini kwenye theluji, mama anaendesha shamba la ng'ombe wa maziwa, na nyuma ya banda lao kuna kibanda cha mbao ambamo inakaa jenereta yetu ya dizeli, ya zamani lakini nzima, na asiyekuwa Babu haruhusiwi kuigusa. Januari iliyopita theluji ililemea miti ikaangukia nyaya, umeme ukakatika asubuhi tukiwa tunajiandaa kukamua, nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, na Babu hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alivaa kofia yake akaenda kibandani, akachomeka waya wa hita ya injini ukutani kama sote tunavyofanya na magari kabla ya kutoka, akarudi jikoni akasema, "Tuipe muda ipate joto," nami nikamimina kahawa iliyokuwa juu ya jiko la kuni, mama akakata mkate wa iliki, tukakaa tunangoja injini ipate joto, sote watatu, Bi. Lempi, mpaka mama akashusha kikombe akauliza, "Baba, ule waya umeuchomeka wapi?"

"Ukutani. Ulitaka niuchomeke kwenye theluji?"

"Na huko ukutani kuna nini leo?"

Babu aliinuka bila kumaliza kahawa. Alipojaribu kuiwasha, injini ilizunguka polepole kama mtu anayekoroga asali iliyoganda, ikaguna, ikaguna tena, halafu betri ikaisha nguvu na kibanda chote kikawa kimya. Tulikamua kwa mikono wale tuliowaweza, wengine walilia kutwa nzima, na jirani alituletea jenereta yake jioni, baada ya kumaliza ng'ombe wake. Ruusu, ambaye nilimlea mwenyewe kwa chupa tangu akiwa ndama, alipata ugonjwa wa kiwele akapelekwa machinjioni, na mama alisema, bila hasira, ndiyo maana niliogopa, kwamba jenereta ikikataa tena baridi hii, ng'ombe wote watauzwa majira ya kuchipua, kwa sababu hawezi kuwasikia wakilia vile mara ya pili.

Mimi nataka kusomea kilimo. Nataka nimalize chuo nirudi hapahapa. Sasa nimesoma kitabu cha ile injini nikaona kwamba oili anayoweka Babu, ya 15W-40, si ya baridi kama yetu, lakini Babu ana pipa zima la oili hiyo, anaitia kwenye trekta pia, na trekta haijawahi kumsumbua, ingawa trekta hulala kwenye gereji yenye joto. Nilimwambia kwa adabu, "Babu, tubadilishe oili ya jenereta kabla ya baridi."

"Oili ina kosa gani?"

"Ni nzito."

"Uzito ndio unaolinda chuma. Injini mzee ni kama mimi, ukimnywesha vitu vya majimaji atavuja kila kiungo. Injini hiyo niliinunua mama yako akiwa na meno ya utotoni."

"Lakini Januari haikuwaka."

"Januari umeme ulikatika!"

"Si ndiyo kazi ya jenereta, Babu?"

Alinitazama, kisha akaniambia nikaangalie kuni za sauna. Mjomba Arvo, ambaye ni kaka wa mama, alicheka sana akasema, "Achana na mzee, mimina petroli kidogo humo kwenye oili, italainika, wazee wa zamani walifanya hivyo," na sijui kama alikuwa anatania. Wiki ijayo Babu anakwenda msituni na wenzake kuwinda kulungu, na nimeshawaza kwamba akiondoka nimwage oili yake nitie nyingine, nifute matone yote sakafuni, naye asijue kamwe. Sijawahi kumdanganya Babu. Je, nifanye hivyo? Na kama nitafanya, niweke oili gani?

Vilja, Kainuu

*

Vilja mwanangu,

Pole kwa Ruusu. Na ile kahawa msiionee haya: nusu ya wanaosoma ukurasa huu sasa hivi wanajiuliza waya wao umechomekwa wapi.

Nianze na ukali. Kubadilisha kwa siri, usithubutu. Babu akirudi na kulungu wake atachomoa kijiti cha kupimia, ataona oili imepungua kidogo, na ataongeza ile ya pipani. Ataongeza tena, na tena, na kufika Januari utakuwa umerudi kwenye uji uleule huku ukidhani uko salama. Na injini ikikohoa hata mara moja, utaambiwa ni wewe, mpaka siku ya harusi yako. Mashine ambayo watu wengi wanaitegemea haiguswi kwa kificho.

Kuhusu petroli, mwambie mjomba wako aanze na gari lake. Hiyo inaondoa utelezi kwenye oili, chuma kinasaga chuma, na ndani ya kibanda cha mbao mvuke wake ukishika moto hutakuwa na banda la kuwekea ng'ombe. Jibu ni hapana, hata kama alikuwa anatania.

Sasa oili yenyewe. Namba iliyo mbele ya herufi W inaeleza tabia yake injini ikiwa ya baridi: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka vizuri kwenye baridi kali. Namba ya nyuma inaeleza unene wake injini ikishapata moto. Kwa hiyo Babu yako yuko sahihi nusu, nawe mpe nusu yake. Injini yenye umri inahitaji oili nene ikiwa moto, na 40 yake ibaki palepale. Kinachomwangusha ni 15, ambayo kwenye nyuzi thelathini ni lami. Tafuta 5W-40, au 0W-40 kama kwenu baridi hushuka zaidi ya hapo, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya injini za dizeli, na ulinganishe na jedwali la kitabu chako. Yapo makopo ya bei rahisi ya magari ya petroli. Yaache dukani.

Huenda injini ikavuja kidogo mwanzoni, maana oili mpya inasafisha uchafu wa miaka. Angalieni kijiti kila wiki, na badilisheni filta mapema kuliko kawaida. Dizeli iliyobaki tangini tangu kiangazi nayo itumieni kabla ya baridi, mjaze ya majira ya baridi, la sivyo oili itakuwa nzuri na mafuta yataganda kama siagi.

Na hita, mwanangu! Jenereta si gari la kwenda kanisani ambalo unajua utatoka saa ngapi. Baridi ikiingia, waya uchomekwe na ubaki hapo, ili umeme ukikatika uikute injini tayari ina joto. Lakini umeme ukikatika usiku mmelala, joto hilo litaisha. Likiisha, kilichobaki ni oili na betri tu, ndiyo maana swali lako ni la maana kuliko unavyodhani.

Ila ulimwendea Babu vibaya. Ulimwambia oili yake ina kosa, mzee akasikia kwamba yeye ndiye mwenye kosa la Ruusu, na nina hakika hilo limemkaa kooni tangu Januari. Mwendee kabla hajaenda kuwinda. Mwambie ulichoniambia mimi, kwamba unataka kurudi hapo baada ya chuo. Kisha mwambie, "Babu, nifundishe kumwaga oili ya jenereta." Pasheni injini moto kwanza, aifungue yeye, wewe ushike beseni, na hilo kopo jipya liwe mezani analiona, namba 40 ikiwa imemgeukia. Ile ya pipani ibaki ya trekta, hakuna kinachopotea. Akikataa hata hapo, nenda kwa mama yako mbele yake, si nyuma yake. Shamba analiendesha mama, na ataamua.

Halafu msingoje dhoruba iwafanyie mtihani. Baridi ya kweli ikiingia, chomoeni hita usiku, injini ipoe kama vile umeme umekatika mmelala. Asubuhi, wakati wa kukamua, mwite mama, mwite Babu, zimeni swichi kuu ya banda, na jenereta uiwashe wewe. Ikiwaka, kamueni mpaka ng'ombe wa mwisho kwa umeme wake, kisha umuulize mama yako, papo hapo mikono yake ikiwa bado ina maziwa, kama bado anawaza kuuza. Ikikataa, rudisheni swichi, kamueni kama kawaida, na kesho yake mtafute kosa liko wapi mkiwa na ng'ombe wote, wazima, wakitafuna.