Utepe wa Jumatatu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku. Natumai barua hii inakukuta na afya, na wanao hawajambo. Mama yupo, anachechemea na goti lake, ila ulimi una makali yaleyale. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako nimeipata. Wakubwa wa hospitali wanashikilia kwamba shemeji, kwa kiburi, alikarabati mashine kwa mkono bila hata kuulizia nakala ya akiba, na Alhamisi wanasikiliza rufaa yake. Unaniomba nikawaambie kwamba aliuliza, na utepe wa nakala hiyo ulikuwa mtupu. Unasema tangu wamfukuze anashinda kwenye kiti cha jikoni, hanyoi ndevu, mtoto akimwita haitiki. Ukamalizia kwamba katika ukoo wetu mimi ndiye nisiyejua kusema uongo. Acha nikusimulie ilivyokuwa.

Kompyuta yetu kuu ina faili moja dogo la udhibiti. Ndilo linalojua kila rekodi ya mgonjwa imelala wapi kwenye diski. Likifa, rekodi zote zipo, lakini hakuna awezaye kuipata hata moja. Ndiyo maana kila asubuhi tunalinakili kwenye utepe na kuufungia kabatini. Ufunguo ninao mimi.

Jumatatu ile, saa nne asubuhi, faili likafa pamoja na pacha wake, ile nakala inayokaa kwenye diski hiyohiyo. Shemeji hakubabaika. Aligeuka akasema, "Mkia, lete utepe." Ndivyo alivyoniita miaka tisa, mbele ya wahandisi na wafagiaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyenitafutia kazi na mimi nilimfuata kila aendako. Watu walicheka hata siku hiyo. Nikaenda, nikarudi, nikamwambia utepe ni mtupu.

Siku tatu alilijenga faili upya kwa mkono, diski baada ya diski, akitafuta kila rekodi inaanzia wapi na kuishia wapi. Macho yalimvimba. Wauguzi walikuja mlangoni kuuliza mgonjwa fulani hapatani na dawa gani, naye akawa anawaomba radhi. Mkurugenzi alimwita mzigo, sote tumesimama tunasikia. Mimi nilimletea chai. Siku ya tatu alikosea mpaka mmoja, na mashine ikaandika juu ya rekodi za miaka kumi na moja. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, kama nilikuwa na hakika kuhusu ule utepe. Nikamjibu nina hakika, shemeji.

Walipomfukuza, wakaniuliza kama aliwahi kutaka nakala. Nikatazama sakafu, nikanyamaza. Wiki iliyofuata nikakalia kiti chake.

Mficha uchi hazai, dada, basi nisikufiche. Utepe haukuwa mtupu. Sikuuweka hata kwenye mashine. Niliutia ndani ya koti, nikasimama koridoni kwa muda wa kutosha, nikarudi. Nilitaka aadhirike asubuhi moja tu, kisha niulete mimi niwe shujaa. Lakini asubuhi ile ilikuwa tamu, na siku ya pili ikawa tamu zaidi.

Juzi niliujaribu kwenye kompyuta ya majaribio. Dakika ishirini na mbili, dada. Faili likasimama zima, bila kasoro. Kisha nikaufuta wote.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, Alhamisi nitasema uliyoniomba, na wakiupima utepe watakuta hivyohivyo. Kazi hawatamrudishia, ila jina litasafishika. Tukitoka nje atanipa mkono, pengine atalia. Wewe utakuwa umesimama kando yake, ukijua. Umwambie au usimwambie, hilo nakuachia. Mimi limenishinda kulibeba peke yangu.

Wabusu watoto. Mama anauliza utakuja lini.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja