Mchele Uliotwangwa Mara Moja

Mjukuu wangu Aline,

Amani ya Bugarama ikufikie huko Kigali. Babu yako anakohoa kidogo, na mpunga umeanza kuinamisha vichwa.

Umeniuliza kama ununue vidonge vya madini ya silikoni ili mguu wako uliovunjika uunge haraka, maana unaogopa kubaki unachechemea. Kuhusu vidonge, muulize daktari wako. Mimi nimesoma tu kwamba huenda madini hayo yanausaidia mwili kutengeneza kolajeni, ile inayoushikilia mfupa, ingawa wataalamu bado hawana hakika. Na kwamba katika mchele yamejaa zaidi kwenye pumba, lile ganda jembamba la kahawia linaloshikana na punje.

Hapo nikamkumbuka mama. Nilivunjika mkono nikiwa msichana, naye kwa mapenzi akanitwangia mchele mpaka ukawa mweupe kama wa harusi. Pumba zote akawamwagia kuku. Mama mkwe wake, nyanya yangu, akamuuliza:

“Maman, mugonjwa ni nani hapa? Mutoto ao kuku?”

“Nimupe mutoto chakula ya maskini? Batu batasema nini?”

“Basi funga mulango, habataona.”

Mama alicheka, kisha akaufunga kweli. Akatwanga mpunga mwingine mara moja tu, pumba zikabaki kwenye punje, tukala sote watatu wali wa kahawia, mgumu kidogo, wenye ladha ya karanga.

Mkono ulipona. Sijui kama ni wali ule ulioniponya. Najua tu kwamba mama, aliyeyaogopa sana macho ya watu, kesho yake alipika wali uleule mlango ukiwa wazi.

Nyanya yako anayekuwaza