Dawa ya Mchicha wa Kaka Saidi

Jumatano. Joto limeanza kabla ya chai na upepo hakuna. Nimetulia kuliko ninavyopaswa kuwa.

Jumapili kaka yangu Saidi aliniomba nimtafutie dawa ya wadudu wanaokula mchicha wake, hapa Chanika. Nikaenda sokoni Mbagala. Tangu serikali iruhusu biashara huria kila kitu kinapatikana, ila si kila kitu kina jina. Muuzaji alinimiminia dawa kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa nailoni. Haikuwa na karatasi ya maelezo.

Mie ni mwalimu wa baiolojia. Sikuuliza.

Jumatatu Saidi alipulizia kifua wazi, bomba likimvujia mgongoni. Saa tisa mkewe, Zuhura, alinifuata shuleni mbio.

"Wifi, kaka yako anatoka mapovu! Majirani wanasema kapandwa na pepo, aitwe mganga."

Nilimkuta kalala barazani, jasho na mate vinamtiririka, nyama za mapaja zinarukaruka zenyewe. Nikamfunua jicho. Mboni ilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Si pepo," nikamwambia Zuhura. "Ni ile dawa. Lete maji na sabuni."

Neva haigusani na msuli. Kati yao kuna mwanya mdogo mno, sinapsi, kama ule ulio kati ya neva na neva. Ujumbe ukifika ukingoni, neva humwaga kemikali, nayo huvuka na kuuamuru msuli ujikunje. Papo hapo kimeng'enya huivunja kemikali hiyo ili msuli upumzike. Dawa za aina ile hukifunga kimeng'enya. Kemikali inabaki mwanyani, amri haikomi, mpaka msuli unachoka na kulegea. Hata misuli ya kuvutia pumzi.

Nimelifundisha somo hilo miaka sita. Sikuwahi kuliona likikoroma mbele yangu.

Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, tukamvua suruali, tukamwosha mwili mzima. Jirani mwenye pikapu akatukimbiza hospitali. Daktari alimchoma atropini, akarudia, akarudia tena, mpaka kifua kikaacha kutoa sauti ya maji. Atropini haiivunji ile kemikali. Inaizuia tu isipokelewe kwenye mapafu na tezi, mwili upate muda.

Daktari akauliza, "Dawa yenyewe mlinunua wapi?"

Zuhura akasema hajui, mumewe ndiye anayejua. Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilinyamaza.

Nilinyamaza pia jana, kutwa nzima, huku Zuhura akinishika mkono na kunishukuru kwa kumwokoa mumewe.

Leo mchana Saidi kafumbua macho, katutambua. Mboni zimepanuka, midomo imemkauka kwa ile sindano. Zuhura alikuwa katoka kufua. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema.

"Kaka, ile dawa niliiona haina maandishi. Nikainunua hivyo hivyo."

Akailamba midomo.

"Unafundisha watoto wa watu," akasema. Kisha akageukia ukuta. "Nipe maji."

Nikamshikia kikombe. Akanywa chote, taratibu, bila kupaliwa.

Daktari kasema akiendelea hivi ataruhusiwa. Nimefarijika, nadhani. Sijalia bado.

Zuhura hajui. Kesho, kabla ya kengele ya shule, nitapita kwake nimwambie mwenyewe. Na nitamwambia akiwa bado hajaanza kunishukuru.