Wifi Amekwambia Sina Maziwa

Turwa, Tarime

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba naye shikamoo, kama mgongo umemruhusu kukaa akasomewa. Natumaini baridi ya Makete imewaachia viazi vya kula na kikohozi chako kimekwisha. Ukisema kimekwisha nitamuuliza kaka Festo, maana wewe hujawahi kukiri kuumwa tangu nikufahamu. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Wegesa ni mzima. Narudia kwa makusudi: ni mzima, na mashavu anayo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya Festo huwa mnaisikiliza nyumba nzima, na haya si ya majirani. Mwalimu mwenzangu anakuja likizo Njombe, atakufikishia mkononi.

Ujumbe wako niliupata. "Mpe mtoto maziwa ya kopo, usiniulie mjukuu." Leo nimeusoma tena huku huyo mjukuu yuko ziwani, ananyonya mpaka jasho linamtoka puani. Na kopo ulilompa kondakta wa basi nalo limefika. Najua aliyekupigia ni wifi yangu Gati. Kwenye simu ana sauti tamu, kwa hiyo ngoja nikueleze alivyo bila simu.

Gati ni dada wa mume wangu Mwita. Ameolewa kule Kewanja, karibu na mgodi, na mwanaume anayekodisha magari. Tangu aolewe na mwenye magari hawezi kutamka neno maji bila kuongeza "ya chupa". Alijifungua mtoto wa kiume mwezi mmoja kabla yangu, kisha akaja kukaa hapa Turwa kwa mama mkwe, eti nyumba yake inabadilishwa marumaru. Yale ya kwanza yalikuwa na rangi ambayo kila mtu anayo. Mimi nami nilikuwa nimetoka shuleni Mbalibali kwa likizo ya uzazi. Basi ndiyo tukajikuta chini ya bati moja, wachanga wawili, mmoja wa chupa na mmoja wa ziwa, na Gati akajipa kazi ya kuwa mwamuzi.

Mtoto wake anakunywa kwa kengele ya simu. Kengele ikilia, anaamshwa, anapewa chupa, anamaliza, analala kwa muda wa saa tatu. Sina neno na mtoto. Ni mzuri, na chupa si dhambi. Neno ninalo na mama yake. Wegesa wangu alikuwa akinyonya, anasinzia, nusu saa haijapita anatafuta tena. Kuna jioni alikuwa akinyonya mfululizo hadi nikala ugali kwa mkono wa kushoto. Gati anakaa sebuleni na wageni waliokuja kumwona mtoto wangu, anawaambia kama mtu anayetangaza msiba:

"Huyu wa mwalimu ana njaa. Maziwa ya mama yake ni maji. Mngemwona wangu, akishiba anajulikana."

Wageni wananitazama kifuani kana kwamba nimeficha kitu. Mama mmoja wa kwaya akanishauri nimwombee mtoto. Mwingine akasema watu wa milimani hawana maziwa kwa ajili ya baridi. Mama, sisi! Wewe uliyenyonyesha sita!

Hapo ungetegemea mume wangu aseme kitu. Mwita ni bwana mifugo wa serikali. Nimewahi kumsikia kwa masikio yangu akiwagombeza wafugaji kwamba ndama mchanga asifungwe mbali na mama yake, aachwe anyonye anavyotaka. Nikamwuliza, "Na mwanao?" Akavaa viatu. "Hayo ni mambo yenu wanawake," akasema, akaenda kumtibu ng'ombe wa mtu.

Siku moja nilikwenda mjini kufuatilia karatasi za likizo yangu. Nilimwacha Wegesa ameshiba, amelala, na mama mkwe. Foleni ikanichelewesha. Niliporudi nikamkuta mtoto mikononi mwa Gati, amelala mdomo wazi, na chupa tupu iko mezani.

"Mwone," akaniambia. "Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mwanao amelala kama mtu."

Mtoto alilala mchana kutwa. Nyumba nzima ikafurahi. Mimi matiti yalikuwa yamekuwa mawe, nguo imelowa mbele, na homa inanipanda. Kesho yake Gati akasema nisiharibu mwendo mzuri, akampa chupa nikiwa bafuni. Siku iliyofuata akampa tena mbele yangu, na mama mkwe akanyamaza, nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini. Jioni nilipomweka Wegesa ziwani, akavuta kidogo, akaliacha, akalia. Nilipokamua yakatoka matone. Ndipo ujumbe wako ukaingia. Gati alikuwa amekupigia asubuhi ile.

Sitakuficha, Mama, nililia. Nilidhani angalau wewe utaniuliza mimi kwanza.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Gati akasema tutakwenda wote, na wake apimwe, "ili mwalimu aone kwa macho." Akavaa kama anakwenda kumpokea waziri. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mgeni wa mkoa kama mimi, amechoka, hana muda wa maneno. Akampima wa Gati, akasema vizuri. Akampima Wegesa, akasema vizuri. Gati akacheka.

"Vizuri vipi, sista? Huyu anashinda ziwani. Kila saa. Si ana njaa?"

Muuguzi hakuinua kichwa. "Anakojoa?"

"Anakojoa sana," nikajibu.

"Uzito umeongezeka. Anakojoa. Sasa njaa hiyo iko wapi?" Ndipo akanitazama. "Mchanga wa ziwa ananyonya mara nane, mara kumi, kumi na mbili, usiku na mchana. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama yanasagika upesi. Ya kopo yanakaa tumboni zaidi, ndiyo maana wa chupa anakunywa mara chache na kulala kwa muda mrefu. Usimpime mtoto kwa usingizi."

Nikamwambia yamepungua. Akaniuliza nimempa chupa siku ngapi. Nikamwambia. "Mrudishe ziwani, kila anapotaka, hata kama ni sasa hivi. Kunyonya ndiko kunakoyaleta. Ukimpa chupa, mwili unadhani mtoto hahitaji."

Kisha, bila ubaya, akamwuliza Gati yeye aliacha kwa nini. Wifi yangu akashikashika mkufu. Akasema alipojifungua, mama mkwe wake kule Kewanja alimwona mtoto akinyonya kila mara, akamwambia maziwa yake ni maji. Mume akaleta makopo siku ileile. Baada ya wiki matiti yakakauka.

Ni maneno yaleyale, Mama, neno kwa neno. Alikuwa ametupiwa jiwe, akalibeba mpaka Turwa kuja kunitupia mimi. Nilimwonea huruma kutoka mlangoni mwa kliniki hadi kwenye bodaboda. Hapo akafungua mdomo: "Hata hivyo, wale manesi wanasema hivyo kwa sababu hawana hela ya makopo." Huruma ikaniisha.

Tulipofika nyumbani, nikakaa kwenye mkeka, nikamweka Wegesa ziwani mbele ya watu. Alivuta, akalia, akavuta tena. Gati akaenda kuchukua chupa. Mama mkwe, ambaye siku zote hizo alikuwa kama ukuta, akamwambia kwa Kikurya aiweke chini. Gati akajifanya hasikii. Ndipo bibi yule akasema kwa Kiswahili, ili nami nielewe:

"Wewe Gati ulininyonya nikipalilia mtama. Ulininyonya sokoni, ulininyonya msibani, hukuniachia hata nijikune. Nani alisema una njaa? Mwache mtoto wa mwenzio."

Gati akaingia chumbani akafunga mlango. Mama mkwe akaniletea uji wa ulezi, akaketi karibu yangu, akasema, "Nilinyamaza sana."

Siku zile zilikuwa ngumu. Mtoto alikuwa akinyonya, analia, ananyonya tena, nami sikufanya kazi nyingine yoyote. Siku ya tatu nikaanza kuyasikia yakishuka tena, na Wegesa akameza kwa sauti hadi mama mkwe akacheka. Mwita akaingia, akaambiwa, akasema, "Nilijua." Mbuzi naye hujua njia ya sokoni, ila huvutwa kwa kamba. Mama yake akamwambia, "Wewe mura, kijana wangu, ulijua ukiwa wapi?" Siku hizi anafua nepi. Anazifua vibaya, nami simsaidii.

Gati amerudi Kewanja kwenye marumaru yake. Kopo lako nilimpa, maana mwanawe analihitaji kweli. Alilipokea, akaligeuza kusoma ni la aina gani, akasema aina hii huwa hanunui. Akaondoka nalo.

Sasa nina moja la kukuuliza, Mama, kwa heshima yote. Ulitunyonyesha ukivuna pareto, mtoto mgongoni, kikapu mbele, wala hukuwahi kutazama saa. Iweje umwamini mtu usiyemjua hata sura, ukaacha kuniamini mimi uliyeninyonyesha? Sijakasirika tena. Lakini nataka unijibu.

Nisalimie Baba, na Festo mwenye simu, na mkewe, nimesikia naye ni mjamzito. Msomee barua hii mapema, kabla wenye maarifa hawajamfikia. Nisalimie shangazi wa Iwawa na mama mchungaji aliyenifungia vitenge.

Mama mkwe naye anakusalimu. Kikinga hakijui, na wewe Kikurya hukijui, kwa hiyo ameniambia nisiandike mengi. Anasema nikuandikie hivi tu: mama mwenzangu, mtoto wetu anashiba.

Ni mimi binti yako,
Ezelina, mama Wegesa